Kwa nini wanasarakasi wetu huingia Marekani kwa viza ya kikundi na si kwa ile ya kipaji cha pekee?

Ngazi_ya_Temeke
Salaam wakuu. Mtoto wa kaka yangu amesaini mkataba mwingine na sarakasi moja ya Marekani, na safari hii pia ameombewa viza ya P-1B, yaani ile ya mtu anayeingia akiwa sehemu ya kikundi. Kijana huyu hupanga viti sita juu ya chupa nne, akapanda hadi kileleni na kusimama hapo kwa mkono mmoja. Katika onyesho hilohilo kuna mtembea kamba kutoka Amerika ya Kusini aliyeingia kwa O-1B, ile ambayo sheria inaitaja kuwa ya wasanii wenye kipaji cha pekee, na malipo yake hayafanani kabisa na ya kijana wetu. Nimeulizia Temeke, Bagamoyo na Mombasa, na kila mwanasarakasi niliyezungumza naye aliingia kwa P.

Dai langu ni kwamba mawakala wetu ndio wanaotufungia njia hiyo, kwa sababu mwenye viza ya kikundi hana ubavu wa kudai kitu akiwa peke yake. Mwenye kujua vinginevyo aniambie.

Kisauni_Juu
Mkuu, wakala anaweza kuwa na dhambi zake, lakini kabla ya kumhukumu chukua kalamu upige hesabu. Ombi la O-1 hubeba jina la msanii mmoja tu, ilhali ombi la P linaweza kubeba hadi watu 25. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 ada ya fomu I-129, ile ambayo mwajiri hujaza kuombea viza hizi, ilipangwa kuwa dola 1,055 kwa O na dola 1,015 kwa P, na juu yake mwajiri huongeza dola 600 za kugharimia mpango wa waomba hifadhi. Kikundi cha watu sita kikiombewa O, kila mtu na ombi lake, mwajiri atalipa dola 9,930 kabla hajampa wakili hata senti moja. Wakiombewa P kwa pamoja, atalipa dola 1,615. Ungekuwa wewe mwenye hema ungechagua ipi? Mimi hapo sioni njama yoyote.

Wakili_Pembeni
Hesabu ya Kisauni_Juu ni sahihi kwa mwajiri mkubwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au pungufu hulipa dola 530 kwa O au 510 kwa P, na ile 600 hushuka kuwa 300, wakati taasisi isiyo ya faida husamehewa hiyo ya mwisho kabisa. Kwa hema dogo linalozunguka, pengo lipo, lakini ni dogo kuliko ulivyolionyesha.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, imo ndani ya kanuni zenyewe. Viza za O na P zilianzishwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990. Kikundi cha kawaida cha burudani, tuseme bendi, kikiomba P-1B hupaswa kuthibitisha kwamba kinajulikana kimataifa na kwamba angalau asilimia 75 ya watu wake wamekuwa pamoja kwa mwaka mmoja au zaidi. Watu wa sarakasi wamesamehewa masharti yote mawili. Kinachotakiwa ni kwamba sarakasi wanayokwenda kujiunga nayo iwe imetambuliwa kitaifa, kwa muda mrefu, kuwa ni bora. Maana yake ni kwamba sifa inayopimwa ni ya mwenye hema. Kijana wa Temeke awe bingwa wa dunia au awe wa kawaida tu, faili lake litasomeka vilevile. Mwajiri hana sababu ya kuuacha mlango mwepesi namna hiyo, na msanii akiupita mwaka baada ya mwaka anamaliza mikataba yake bila karatasi hata moja inayomtaja kwa sifa zake mwenyewe.

BintiKaole
Asante Wakili. Niongezee upande wa ushahidi, kwa sababu nimewahi kuwasaidia wasanii kupanga mafaili yao. Kwa O-1B, asiye na tuzo kubwa ya kimataifa hupimwa kwa vigezo sita, na anatakiwa kutimiza angalau vitatu: kuongoza katika maonyesho yenye sifa, kuandikwa katika magazeti au majarida, kushika nafasi kuu au ya lazima katika taasisi yenye sifa, kuwa na mafanikio ya kibiashara au ya kusifiwa na wahakiki, kutambuliwa na wataalamu, na kulipwa zaidi ya wenzake wa fani hiyo.

Sasa mchukueni kijana aliyefanya kazi kwa miaka katika hoteli za Zanzibar, Muscat na Dubai. Mkataba umeandikwa kwa jina la kiongozi wa kikundi. Bango linasema tu kwamba kuna wanasarakasi wa Afrika. Gazeti likiandika, linaandika kwamba watalii walifurahi. Malipo hupokewa taslimu na kugawanywa chumbani. Niliwahi kufungua bahasha ya mmoja wao nikakuta picha zilizoshikana kwa unyevu, kijitabu cha onyesho ambamo jina la kikundi lilikosewa herufi, na cheti cha ushiriki chenye jina lake la jukwaani, ambalo halimo kwenye pasipoti. Kazi zote hizo alizifanya kweli, lakini hapakuwa na karatasi ambayo ofisa angeweza kuihusisha na yeye binafsi bila kubahatisha.

Kwa hiyo hata wakala mwema kuliko wote angeshindwa na bahasha ile.

Mzee_Kombo
Ninyi vijana mnasahau tulikotoka. Katika miaka ya 1960 serikali iliwapeleka vijana China wakajifunze sarakasi, na kutokana nao tukapata Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Mafunzo yale yalikuwa ya kikundi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu piramidi ya binadamu haina nyota, na anayetaka kuonekana peke yake huwaangusha wenzake. Ujuzi huo ukashuka mitaani kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, pamoja na tabia ya kujitambulisha kwa wingi. Muulize mwanasarakasi wa Dar es Salaam amefanya nini maishani, atakujibu kwa “tulifanya”, hata kama namba ile, yaani mchezo ule wa jukwaani, aliibuni yeye. Mimi simlaumu wakala wala silaumu kanuni.

Halafu nina la kuchekesha. Kuna wakala mmoja aliwaombea vijana wa hapa viza ya P-3, ile ya sanaa ya kipekee ya utamaduni wa watu fulani. Viti juu ya chupa vimekuwa utamaduni wa Wazaramo tangu lini?

Kisauni_Juu
Mzee Kombo umenivunja mbavu. Jibu ni kwamba vimekuwa hivyo tangu Wachina walipofungua maduka Kariakoo.

Wakili_Pembeni
Utani ni mzuri, lakini kisheria hoja ya P-3 si ya kutupwa. Mwaka 2012 ofisi ya rufaa iliyo chini ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, iliamua shauri la Skirball Cultural Center, lililohusu kikundi kutoka Argentina kilichochanganya muziki wa klezma wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki na midundo ya Amerika ya Kusini. Uamuzi ulikuwa kwamba mchanganyiko hauizuii sanaa kuwa ya kipekee kiutamaduni. Sarakasi iliyotoka China, ikalelewa Bagamoyo na kuvishwa ngoma, nyimbo na mavazi ya kwetu inaweza kutetewa kwa njia hiyo, mradi wataalamu waandike kuithibitisha na mradi maonyesho yote yaliyo kwenye ratiba yawe ya namna hiyo. Hema ambalo kijana anatangulia, kisha zinafuata pikipiki zinazozunguka ndani ya tufe la chuma, halitafaa.

Mtu_wa_Chini
Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi ndiye yule anayesimama chini ya piramidi, sasa naishi Georgia, na nilianza kwa P kama wengine kabla ya kuombewa O-1B.

Ukiwa wa chini, picha zote nzuri zinaonyesha mgongo wako na nyayo za mwenzako mabegani, na anayesifiwa ni yule mdogo aliye kileleni. Wakili aliyetazama picha zangu kwa mara ya kwanza aliniuliza mimi ni yupi. Kilichobadilisha faili ni barua ya mkurugenzi wa onyesho. Hakuandika kwamba mimi ni hodari, kwa maana kila mtu huandikiwa hivyo. Aliandika kwamba mpangilio wa wabebaji niliubuni mimi, kwamba nisipokuwepo namba nzima haifanyiki, na kwamba jambo hilo limewahi kutokea. Akaambatanisha karatasi ya ratiba iliyokuwa imebandikwa nyuma ya pazia siku niliyokuwa na homa, namba yetu imekatwa kwa kalamu nyekundu na pembeni pameandikwa kwamba mbebaji mkuu anaumwa. Karatasi ile ilikuwa na alama ya kikombe cha kahawa, nami nilitaka kuitoa kwa aibu. Wakili akakataa, akasema hiyo ndiyo nafasi ya lazima inayotajwa katika vigezo.

Kwa hiyo, Mzee Kombo, shikamoo yako, lakini siafiki kwamba piramidi haina nyota. Na mwenye uzi namuunga mkono kwa nusu. Wakala wangu wa zamani alikataa kunipa nakala za mikataba yangu mwenyewe, akisema ni mali ya kampuni, na bila nakala hizo nilipoteza ushahidi wa miaka yangu mizuri.

Mzee_Kombo
Marahaba kijana wangu. Hiyo karatasi ya kalamu nyekundu imenikaa. Ila ona kwamba hata wewe ilibidi mwingine akuandikie.

Nyota_ya_Mwanza
Basi hapo suluhisho ni rahisi. Kila msanii ajiombee O-1 mwenyewe mtandaoni, awaache mawakala na mahema yao. Kuna jamaa wa kompyuta alijiombea mwenyewe na akapata.

Wakili_Pembeni
Hapana, Nyota_ya_Mwanza, tusiwapoteze watu. Ombi la O-1 huwasilishwa na mwajiri wa Marekani au wakala aliyeko Marekani, na msanii hawezi kujiombea. Huyo jamaa wa kompyuta yaelekea aliomba EB-1A kwa fomu I-140, ambayo ni njia ya ukaazi wa kudumu na ambayo kweli mtu anaweza kujiombea. Huko vigezo ni kumi, vitatu vikiwa ndio mwanzo tu, kwa sababu tangu hukumu ya mahakama katika shauri la Kazarian, mwaka 2010, ofisa huendelea kupima faili zima aone kama mwombaji yumo miongoni mwa wachache walio juu kabisa katika fani yao. Kipimo cha O-1B kwa msanii ni cha chini kuliko hicho: awe amejipambanua, yaani ustadi na kutambulika kwake viwe juu sana kuliko ilivyo kawaida. Watu huchanganya hizo mbili kwa sababu zote hutangazwa kwa maneno ya kipaji cha pekee, na wapo matapeli wanaoishi kwa mkanganyiko huo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba wakala wa Marekani anaweza kumwombea msanii O-1 inayojumuisha waajiri kadhaa, mradi aambatanishe mikataba na ratiba, na muda wa kwanza unaweza kufika miaka mitatu, wakati wa kikundi cha P-1 hupewa hadi mwaka mmoja. O na P zote huhitaji barua ya maoni ya chama cha wafanyakazi wa fani, na kwa sarakasi chama hicho kwa kawaida ni American Guild of Variety Artists. Maoni yake hayamfungi ofisa.

Mazoezi_Ngara
Nimefanya mazoezi Nairobi katika Sarakasi Dome pale Ngara, jengo lililokuwa sinema ya Shan, na huko maelezo niliyoyasikia yalikuwa mengine kabisa. Wakubwa zetu walisema chanzo ni woga wa watu kutoroka. Mwaka 1998 wasanii wa sarakasi kutoka Ethiopia waliomba hifadhi wakiwa Australia, na habari hiyo ilizunguka kila mahali penye wanasarakasi katika eneo letu. Tangu hapo, walituambia, waandaaji wanapenda kuwaleta watu kwa mkupuo mmoja, wenye kiongozi mmoja anayejibu, na wengine hudiriki kukusanya pasipoti zote na kuzifungia sandukuni. Viza ya kikundi inaendana na mawazo hayo. Mwenye O anaweza kuonekana kama mtu asiye na wa kumdhamini.

Bibi_Forodhani
Mazoezi_Ngara, woga huo upo, ila ukiufuata kwenye sheria unakupeleka upande wa pili. Sheria inataka mwenye P awe na makazi nje ya Marekani ambayo hana nia ya kuyaacha, na sharti hilo halimo katika maneno yanayohusu O-1. Kama ofisa wa ubalozi anaogopa utoro, ni mwombaji wa P ndiye anayetakiwa kueleza nyumba yake, familia yake na sababu ya kurudi. Kijana asiye na shamba wala mke hubanwa zaidi hapo. Kwa hiyo hoja ya woga inaweza kuwaelezea waandaaji, lakini haielezi kwa nini ubalozi upendelee P.

Na kuhusu pasipoti kufungiwa sandukuni, kuizuia pasipoti ya mtu ili asiweze kuacha kazi ni kosa la jinai huko Marekani. Kijana akiombwa pasipoti yake ihifadhiwe, na aombe nakala ya sheria hiyo ihifadhiwe pamoja nayo.

Ngazi_ya_Temeke
Nawashukuru wote. Bado sijaliacha dai langu, lakini niwaulize juu ya Ramadhani Brothers. Ni Watanzania, ni wawili tu, mmoja akisimama kichwa kwa kichwa juu ya mwenzake wakati anapanda ngazi, na mwezi Februari 2024 walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League na kupata dola 250,000. Dunia nzima inawajua kwa jina. Hao si wameingia kwa O?

Kisauni_Juu
Hapa hakuna aliyeona karatasi zao, kwa hiyo viza yao tuiache. Ila wanaiharibu hoja ya Mzee Kombo kwamba malezi yetu hayazai majina.

Bibi_Forodhani
Na wanaiharibu ya BintiKaole pia, kwa sababu ushahidi wao umo kwenye kila simu. Lakini tahadhari mbili. Watu wawili wakiombewa O-1, kila mmoja huhitaji ombi lake, hata kama hawajawahi kupanda jukwaani bila mwenzake. Pili, kazi ya filamu na televisheni hupimwa kwa kipimo cha juu kuliko kile cha jukwaani, kwa hiyo kijana asidhani kwamba kuonekana kwenye runinga kunampunguzia kazi.

Shangazi_Rehema
Jamani, naomba kuuliza kitu kidogo. Mwanangu aliumia bega katikati ya msimu, mwajiri akavunja mkataba na kumwambia ajinunulie tiketi ya kurudi. Tuliuza friji. Alikuwa na P. Ilikuwa haki?

Mtu_wa_Chini
Pole sana shangazi. Haikuwa haki. Kwa O na kwa P pia, mwajiri akimwachisha msanii kabla ya muda, na msanii hakujiuzulu mwenyewe, mwajiri pamoja na aliyewasilisha ombi hubeba gharama ya kawaida ya kumrudisha kwao. Tatizo ni kwamba vijana hupewa karatasi ya kusaini inayosema ameondoka kwa hiari. Muulize mwanao kama alisaini kitu siku ile.

Shangazi_Rehema
Alisaini. Aliambiwa ni ya kupokelea mshahara.

Mazoezi_Ngara
Ndiyo maana wengine wanakimbilia Uingereza, ambako kuna viza moja ya wafanyakazi wa sanaa, na mwenye onyesho aliyesajiliwa hutoa cheti cha udhamini cha hadi miezi 12. Habari za kipaji cha pekee haziingii hapo.

Bibi_Forodhani
Usiisifu kupita kiasi. Kuna nafuu ya kuingia kwa cheti hicho kwa hadi miezi mitatu bila viza, lakini ni kwa raia wa nchi zisizohitaji viza, na Kenya na Tanzania hazimo. Mwenye uzi aliuliza habari za Marekani, turudi huko.

BintiKaole
Naam. Ngazi_ya_Temeke, kwa huyo kijana wa viti, mkataba wa sasa uacheni uende kwa P kama ulivyo, kwa kuwa hakuna muda. Lakini kabla hajapanda ndege aombe mwajiri aandike katika mkataba jina lake la pasipoti na la jukwaani pamoja, namba yake itajwe kuwa ya peke yake, na malipo yake yapitie benki. Kila mji atakaopita atunze kijitabu cha onyesho, na gazeti la mji huo likiandika, apige picha ukurasa mzima wenye tarehe. Msimu ukiisha, aombe barua ya aina ile aliyoieleza Mtu_wa_Chini, yenye matukio. Baada ya hapo wakala akikataa O, mtajua kama tatizo ni wakala.

Kisauni_Juu
Ushauri mzuri, lakini swali langu la mwanzo halijajibiwa. Faili likiwa zuri kama la malaika, mwenye hema ana viti 25 kwenye ombi moja la P ambalo analilipia kwa vyovyote. Nani atamshawishi atoe dola 1,655 nyingine kwa ajili ya mtu mmoja?

Wakili_Pembeni
Msanii ambaye hema jingine linamtaka.

Ngazi_ya_Temeke
Nimempigia kijana asubuhi hii. Jina la jukwaani limekubaliwa kuingia katika mkataba, lakini namba yake wamekataa kuitaja kuwa ya peke yake, kwa maelezo kwamba mwenzake humrushia viti. Wakala amesema msimamo huo ni wa mwajiri, na mwajiri amesema ni wa wakala. Nimewaomba wote wawili waandike.

Mzee_Kombo
Na huyo anayerusha viti naye ana faili?